Arzella, Whisman wa Ndoa

Katika kaunti yetu ya milimani, mashariki mwa Kentucky, kuna wakati mtu aliweza kuoa, kusajili lori lake, kununua kiwanja, kulala jela siku tatu kwa ulevi na mwishowe kuzikwa, na kila karatasi ya safari hiyo ikawa na saini ya Whisman. Sitii chumvi. Mwaka nilioajiriwa katika jengo la mahakama, karani wa kaunti alikuwa Whisman, mkuu wa jela alikuwa Whisman, na mchunguzi wa vifo, yule anayeitwa mtu akikutwa amefariki peke yake, naye Whisman. Jaji wa kaunti alikuwa Mullins, lakini mama yake alizaliwa Whisman, kwa hiyo tulimhesabu humo humo.

Watu wa mjini wakisikia haya hudhani tulitishwa. Nani atutishe? Tuliwapigia kura kwa sababu walikuja misibani. Kwetu huombi kura kwa kupiga kelele jukwaani. Anayefanya hivyo tunamwona hakulelewa. Unakwenda msibani na chakula, unakaa kwenye kiti cha chuma, unamsikiliza mjane akieleza jinsi marehemu alivyokuwa akikohoa, na neno uchaguzi halikutoki. Whisman hawakukosa msiba. Na kila msiba ulipelekewa keki ya matabaka, ile ya tufaha kavu, matabaka saba, ikiwa na kikadi: Kutoka kwa familia ya Whisman.

Keki hizo zote zilipikwa na mtu mmoja, na mtu huyo hakuzaliwa Whisman. Habari zake ndizo ninazotaka kusimulia. Za wale wengine zimesimuliwa vya kutosha.

Arzella alizaliwa Gayheart, katika bonde la Stillhouse, mtoto wa tano wa mchimba makaa ya mawe. Mama yake alikuwa na macho mabovu, na majirani wengi hawakusoma, kwa hiyo tangu ana miaka tisa alikuwa akiwasomea watu barua zao. Barua za wanajeshi, barua za benki, barua za wanaume waliotorokea Ohio. Alijifunza kusoma mwandiko wowote, na alijifunza kunyamaza baada ya kuusoma. Sifa hizo mbili kukutana kwa mtu mmoja ni nadra. Mimi ninayo moja tu, nanyi mnaona ni ipi.

Alipofika miaka ishirini aliolewa na Carlis Whisman. Carlis ndiye Whisman pekee wa kizazi chake ambaye hakutaka cheo. Aliendesha greda la kaunti, akilainisha barabara za changarawe, na ukimuuliza kwa nini hagombei kitu alijibu, "Nikiwa juu ya greda hakuna anayeniomba chochote." Baba yake, mzee Granville, ndiye aliyekuwa karani wa kaunti, na mwandiko wa mzee huyo ulikuwa balaa. Hati za ardhi alizoziandika hakuna aliyeweza kuzisoma, naye mwenyewe akiwemo. Akamwita mkaza mwanawe ofisini aje kuzisoma na kuziandika upya. Alimwambia ni kazi ya mwezi mmoja. Mwezi huo ulichukua miaka thelathini na saba.

Mzee Granville alipofariki, kiti kilikwenda kwa mdogo wake Carlis, Vernon. Hapa niwaeleze utaratibu wa ile familia, maana bila huo hamtaelewa kitu. Whisman hawakuachia wapiga kura kazi ya kuchagua. Walichagua wenyewe kwanza, Jumapili baada ya kanisa, kwenye chakula cha mchana nyumbani kwa mzee. Waliozaliwa na jina hilo walikaa mezani. Walioolewa nalo walipakua maharage na kuku wa kukaanga, wakaleta mkate wa mahindi, wakarudi jikoni. Mezani ikaamuliwa nani atagombea nini, na hawakuruhusu kamwe Whisman wawili kuwania kiti kimoja. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, mzee alikuwa akisema, na kunguru kwetu walikuwa ukoo wa Hatmaker, waliokuwa wakingojea tangu enzi za babu yangu. Hakuna aliyewachukia hao walioingia kwa ndoa. Walipendwa kabisa. Ila kugombea kwa jina lile kulikuwa kwa aliyezaliwa nalo, basi.

Vernon alikuwa karani kwa miaka ishirini na minane. Ni mtu mwema, na nasema hivyo ingawa nilifanya kazi chini yake. Alijua jina la kila mbwa katika kaunti. Lakini kalamu ilimchosha. Alikuja saa tatu, akasalimia jengo zima, akanywa kahawa, na kufikia saa tano alikuwa kando ya mto na ndoano yake. Kazi ilibaki na Arzella, dawati la kwanza, na mimi Imogene, dawati la pili.

Watu waliijua kaunta yetu kwa jina lake yeye. Siku moja alikuja mzee mmoja kutaka namba mpya za lori, nikamwita nimhudumie.

"Namngoja Arzella," akasema.

"Mimi nami naweza kukupa namba."

"Najua unaweza, mama. Ila ukinipa wewe nitapata na maneno."

Arzella alikuwa mkali wa karatasi kwa namna moja ya pekee: fomu za wagombea. Mtu akitaka kugombea kiti chochote sharti fomu yake iwe na saini za wapiga kura wawili walioandikishwa katika chama chake. Wawili tu. Ungedhani ni jambo dogo, lakini kila mwaka wa uchaguzi alirudisha fomu za watu wazima na heshima zao, mara saini haisomeki, mara mwenye saini amehamia kaunti jirani. Alimrudisha hata jaji. "Kaniletee saini nyingine, mheshimiwa," akamwambia, "tunafunga saa kumi." Na vyama sitavitaja, maana nikivitaja mtaacha kumsikiliza Arzella na kuanza kugombana. Kulikuwa na chetu na kile kingine.

Carlis alikufa kwa ugonjwa wa moyo, akiwa juu ya greda kama alivyotaka. Arzella alikaa nyumbani wiki mbili kisha akarudi kazini. Nilimwambia apumzike zaidi. Alisema nyumba ilikuwa kimya mno na hati za ardhi zilikuwa zimelundikana.

Miaka sita baadaye, mnamo Novemba, Vernon alitangaza kuwa hatagombea tena, magoti hayamruhusu. Jumapili iliyofuata meza ilikaa. Jumatatu asubuhi akaja ofisini akiwa na mwanawe Trent, kijana wa miaka thelathini na moja aliyekuwa akiuza bima mjini Lexington, mwenye pikapu nyeupe ambayo haikuwahi kuona tope.

"Shemeji," Vernon akamwambia Arzella, "familia imemchagua Trent. Utamfundisha kazi, sivyo?"

"Nitamfundisha nini?"

"Mambo yote. Hati, ndoa, uchaguzi. Kama ulivyonifundisha mimi."

"Wewe hukujifunza, Vernon."

Vernon akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli na yeye si mtu wa kununa. Trent akasema, "Mama mkubwa, nategemea wewe kabisa," na akaniuliza mimi kama chumba cha ndani kingetosha meza kubwa zaidi.

Arzella alifanya kazi siku ile bila kusema neno. Na siku iliyofuata. Na iliyofuata tena. Mimi nilisema kwa niaba ya wote wawili. Krismasi ikapita. Wiki ya pili ya Januari, tukila mikate yetu nyuma ya makabati, akaniambia bila kuinua macho, "Imogene, nina miaka sitini na mmoja. Nimelibeba jina lile miaka arobaini na moja. Trent amelibeba thelathini na moja, na kumi kati ya hiyo alikuwa Lexington."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nataka kile kiti." Akaitoa fomu kwenye mkoba wake, imejazwa yote kwa ule mwandiko wake mzuri. "Nakitaka kabisa. Nimelala nakitaka na nimeamka nakitaka. Una kalamu?"

Sitajifanya shujaa. Nilijua kwamba Trent akishinda, saini yangu kwenye karatasi ile ingekuwa barua yangu ya kuachishwa kazi, na nilikuwa na binti chuoni. Nilijua pia kwamba wakigombea Whisman wawili, Doyle Hatmaker, mgombea wa ule ukoo na wa chama chetu hicho hicho, angeweza kupenya katikati yao, na tukose sote. Nilimwambia hayo yote, kwa sauti, na maneno mengine ambayo si ya kuandikwa. Kisha nikatia saini. Kuna mambo mtu akiyakataa atashindwa kula.

Saini ya pili alikwenda kuitafuta kwa Hobert, jirani yake wa miaka mingi, mtu ambaye anatukana kile chama kingine hata akiwa anasali.

Siku ya mwisho ya kupokea fomu ilikuwa Jumanne ya mwisho ya Januari, na theluji ilianguka tangu alfajiri. Ofisi nyingine za jengo zilifunga adhuhuri. Sisi hatukuruhusiwa, sheria inasema mpaka saa kumi. Alikuwepo Vernon, maana siku kama ile hata yeye haendi mtoni. Alikuwepo Trent, aliyekwisha kuwasilisha fomu yake kabla ya Krismasi, amekaa akinywa kahawa yetu. Na mlinzi wa mlango, kijana wa kaunti jirani.

Saa tisa na nusu Arzella aliinuka kwenye dawati lake. Akavaa koti. Akafungua kile kimlango cha pembeni, akazunguka, akaja kusimama upande wa mbele wa kaunta, pale wanaposimama watu. Sikuwahi kumwona akisimama pale. Alionekana mfupi.

"Vernon," akasema, "nimeleta fomu. Mimi siwezi kujipigia muhuri, na Imogene amenitilia saini, kwa hiyo naye hawezi. Umebaki wewe."

Vernon alidhani ni mzaha. Aliichukua, akaisoma mpaka kwenye jina, akaisoma tena. Trent aliweka kikombe chini.

"Mama mkubwa, hili si jambo la kufanya," akasema. "Meza imeshaamua."

"Mimi sikuwa mezani, mwanangu. Nilikuwa nawaletea maharage."

Vernon alifanya alichofundishwa: alifungua daftari la wapiga kura kwenye kompyuta, kwa vidole viwili, akatafuta majina. Langu lilikuwa sawa. La Hobert alilitazama muda mrefu.

"Shemeji," akasema kwa upole, "Hobert yuko chama kile kingine."

"Hobert? Huyo afadhali afe."

"Njoo uone. Ameandikishwa huko tangu ana miaka kumi na minane."

Na ilikuwa kweli. Kwetu wako wengi wa namna hiyo. Babu yake alimshika mkono siku ya kutimiza miaka, akampeleka kuandikishwa kwenye chama cha babu, na tangu hapo Hobert ametukana chama hicho miaka arobaini bila kukumbuka kwamba yumo. Kura za mchujo, zile ambazo kwazo kila chama huchagua mtu wake, haendi. Hupiga za uchaguzi mkuu wa Novemba tu, zisizouliza chama, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumwonyesha. Arzella alikuwa amerudisha fomu za watu kwa kosa hilo hilo labda mara ishirini. Kila saini iliyopita kwenye kaunta ile aliikagua. Ya Hobert hakuikagua kwa sababu alikuwa anamfahamu Hobert. Mganga hajigangi.

Alishika ukingo wa kaunta. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini, na nje hapakuwa na hata gari moja barabarani.

"Nitampigia mchungaji," nikasema.

"Mchungaji anakaa ng'ambo ya kilima," akasema Arzella. "Hawezi kufika na theluji hii."

Nilimtazama yule mlinzi wa mlango, naye akainua mikono kunikumbusha kuwa si wa kaunti yetu.

"Pole sana, mama mkubwa," Trent akasema, na nadhani alikuwa anamwonea huruma kweli. "Lakini sheria ni sheria. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukisema."

"Ndiyo," akasema Arzella. "Ndivyo nilivyokuwa nikisema." Akanyoosha mkono airudishiwe fomu yake. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

Vernon hakumpa. Aliishikilia fomu ile, akatazama saa ya ukutani, akamtazama mwanawe. Kisha akavuta kalamu kwenye kikombe chetu cha kalamu, akakata jina la Hobert mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika lake. Vernon G. Whisman. Mwandiko wa baba yake mtupu, lakini huo ulisomeka.

"Baba," Trent akasema.

"Mimi nimo katika chama hiki. Nimeshajitazama daftarini."

"Baba, mimi ni mwanao."

"Najua, na nakupenda, na mama yako ataniua. Nijibu jambo moja tu. Ukikaa kwenye kiti kile, nani atakayefanya kazi?"

Trent ni kijana mkweli, hilo namkubalia. Akasema, "Mama mkubwa."

"Watu wamenipigia kura miaka ishirini na minane," akasema Vernon, "halafu wakifika hapa wanamuulizia huyu. Unadhani siwasikii? Niko kwenye chumba cha ndani, nawasikia." Akapiga muhuri. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na tatu.

Arzella alilia basi, pale pale upande wa watu, na mimi nikalia, na yule mlinzi akatoka nje kutazama theluji.

Jumapili iliyofuata Arzella alikwenda chakulani kama kawaida, na bakuli lake la maharage. Aliliweka mezani, kisha akavuta kiti akakaa. Glenna, mke wa Vernon, ambaye hakusema na mumewe mpaka Pasaka, alimtazama kutoka mlango wa jikoni. Hakuna aliyemwambia Arzella ainuke. Vernon akampitishia mkate.

Trent hakujitoa, na Hatmaker alifurahi mpaka akanunua suti. Miezi ile mitatu ilinikosesha usingizi. Arzella hakubadili lolote. Aliendelea kupika keki za misiba na kuandika kwenye kikadi Kutoka kwa familia ya Whisman, jina lake halimo. Nilimgombeza.

"Andika jina lako, mwanamke. Hizo ni kura zinatoka tanurini."

"Aliyefiwa hakuualika uchaguzi wangu," akasema, na akanipa sufuria nioshe.

Kura za mchujo zilipigwa mwezi Mei. Jua halijazama tulikuwa tumemaliza kuhesabu, maana sisi si wengi. Hatmaker alipata elfu moja mia sita na nne. Trent alipata mia tatu na arobaini. Arzella alipata elfu mbili na kumi na saba. Chama kile kingine hakikusimamisha mtu. Hobert alidai baadaye kwamba na yeye alimpigia. Hakumpigia, hakuruhusiwa, na hataki kukumbushwa.

Trent alikuja kumpa mkono. "Mama mkubwa, mia tatu na arobaini."

"Ni nyingi kwa mtu asiyejua njia ya kwenda Stillhouse," akasema Arzella. Akamkumbatia, na Trent akacheka. Amerudi Lexington kwenye bima zake na nasikia amenenepa.

Arzella aliapishwa wiki ya kwanza ya Januari, na asubuhi ile ile alimwita Delbert, fundi wetu wa kuandika maandishi. Mlango wa chumba cha ndani una kioo, na kwenye kioo kile kuna maneno ya rangi ya dhahabu yaliyoandikwa zamani za mzee Granville: WHISMAN, KARANI WA KAUNTI. Jina la kwanza liliachwa makusudi, ili mwana akimrithi baba kaunti isiingie gharama.

Delbert alifika na rangi zake, akasimama, akausoma mlango. "Umeniitia nini, mama? Mbona umo tayari."

"Simo," akasema Arzella. "Andika Arzella. Juu, kwenye nafasi ile."

"Kwa ukubwa gani?"

"Sawa na lile la chini."

Delbert akapiga mluzi taratibu, akapima kwa rula. "Ukiondoka wewe, huyo atakayekuja itabidi akwangue kioo chote," akasema.

"Na akwangue," akasema Arzella. Akavuta kiti akaketi kumtazama akiandika, herufi moja baada ya nyingine, na kaunta iliyojaa watu ikamngoja mpaka A ya mwisho.